Kwa Wajukuu Wanaotunga Nchi za Ajabu

Wajukuu zangu wa hapa kwetu Janga, nasikia wengi wenu mnatunga riwaya za wafalme, majini na vita vya nchi zisizo kwenye ramani. Vizuri. Ila kabla hamjaongeza joka la pili, mrudieni mwandishi Shaaban Robert, maana shuleni mlimsoma kwa hofu ya mtihani.

Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926 alianza kazi ya ukarani wa forodha katika serikali ya Mwingereza, na ukarani ndio uliomlisha. Humo humo aliijenga Kusadikika, nchi inayoelea angani. Kitabu kilitoka 1951, miaka 3 kabla chama cha kupigania uhuru, TANU, hakijazaliwa.

Tazameni alivyoijenga. Kule kuelea hakukumshughulisha sana. Kilichomshughulisha ni baraza. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kufundisha uanasheria, naye Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6, mbinguni na ardhini zikiwemo. Walikwenda kutafuta manufaa ya nchi yao. Waliporudi, malipo yao yalikuwa adhabu. Msomaji wa Tanganyika ya wakati ule alijua mwenyewe baraza lile lafanana na lipi. Nchi hiyo ya hewani inasadikika kwa sababu ina sheria, ina anayefaidi na anayeumia.

Kuazima si haramu. Kisa chake cha Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kina asili yake katika Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wabaya waligeuzwa mbwa; kwake wakawa manyani. Nanyi mkiazima joka la Wazungu, lileteni huku lijifunze kuishi nasi.

Lakini mbona mwaazima mbali? Maji ya mto wetu Ruvu yametoka milima ya Uluguru, na huko Uluguru ndiko liliko pango la Kolelo, nyoka ambaye wazee wetu Wazaramo walimwendea kuomba mvua. Usiishie kuandika kwamba nyoka alikuwa mkubwa. Jiulize ni nani aliyeruhusiwa kwenda, alibeba nini, na mvua ilipokataa lawama zilimwangukia nani. Ukishayajibu hayo, nchi yako imepata wakazi, na ugomvi wao utakupa sura nyingine za kitabu bila kuzitafuta.

Sasa la maisha yenu. Asiwadanganye mtu kwamba mwandishi huacha kazi kwanza. Lima mihogo yako, endesha bodaboda yako, uandike usiku. Na msihesabu malipo mapema. Riwaya ya Kufikirika, Shaaban Robert aliiandika 1946 ikachapishwa 1967, wakati yeye alikwishafariki 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote navyo vilifuata mwaka 1968. Vitabu vyote hivyo 3 vilitoka mwenyewe akiwa kaburini, na vilitoka kwa kuwa miswada ilikuwepo, imekamilika.

Kwa hiyo kamilisheni. Hadithi 10 zilizoanzwa vizuri hazifikii moja iliyofika mwisho, hata kama mwisho wenyewe unachechemea, huo utanyooshwa. Andikeni tarehe kwenye kila mswada, na nakala moja mmkabidhi mtu mwaminifu ambaye halali nyumba moja nanyi. Simu huibwa, mchwa hawachagui karatasi, na mchapishaji huenda akabisha hodi wakati wewe hupo.