Mwenye Ufunguo na Mwenye Jina

Mtu asemapo, "Anwani hii ni yangu," adai kitu gani? Swali hili laonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Katika nchi zetu sanduku moja la posta aghalabu hutumiwa na shule nzima, misheni nzima, au jamaa wa ukoo mmoja. Barua huja kwa jina la mwanafunzi, lakini ufunguo wa sanduku umo mfukoni mwa karani. Karani aweza kuichukua, kuisoma na hata kuijibu. Walakini hapana atakayesema kuwa barua ile ni ya karani. Twajua bila ya kufundishwa kuwa kuweza kufungua ni jambo moja, na kuwa na haki ya kufungua ni jambo jingine. Barua pepe imetusahaulisha tofauti hiyo, kwa kuwa huko ajuaye neno la siri huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe. Na elimu ya mafumbo iliyokuja kuilinda yaweza kutusahaulisha zaidi.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, wataalamu wa Marekani, walichapisha wazo ambalo mafundi wa mafumbo wa zamani wasingalilisadiki: kwamba ufunguo wa kufungia na ufunguo wa kufungulia waweza kuwa vitu viwili mbalimbali, na wa kwanza ukatangazwa sokoni bila ya kuidhuru siri ya wa pili. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kulitimiza kwa hesabu. Mfano wake ni mtu agawaye kufuli zilizo wazi kwa kila mpita njia. Yeyote aweza kuibana kufuli juu ya kasha. Kuifungua hawezi ila yule aliyebaki na ufunguo nyumbani.

Lakini kufuli haisemi ni ya nani. Mtu aweza kutengeneza jozi ya funguo leo, akaandika juu yake jina lako na anwani yako, na hesabu haitamkataza. Hazina za kwanza za funguo za hadhara zilipokea kila kilicholetwa, jina la uongo likakaa kando ya la kweli, yote mawili yakiwa na sura moja. Ndipo likatumika jaribio: mpelekee mdai, kwa anwani anayoidai, neno lisilobahatishika, lililofungwa kwa ufunguo aliouleta, akilirudisha likiwa wazi, umejua kuwa barua ilifika na kwamba iliwezekana kufumbuliwa. Desturi ya watia saini wengi wa funguo ni karibu na hiyo: saini hutumwa kwa anwani iliyoandikwa, imefungwa kwa ufunguo uleule, isimfae mtu asiyeshika vyote viwili. Hazina iitwayo keys.openpgp.org, iliyofunguliwa mwaka 2019, nayo haiitangazi anwani mpaka barua iliyopelekwa huko iitikiwe.

Jaribio hili ni zuri, nami silidharau. Lakini limethibitisha nini? Limethibitisha kukutana kwa nguvu mbili: ya kupokea na ya kufumbua. Halikuthibitisha kuwa nguvu hizo zimo katika mtu mmoja, maana wawili waweza kushirikiana. Wala kuwa mtu huyo ndiye mwenye jina. Msimamizi wa seva, ambaye barua zote hupita mikononi mwake, aweza kutunga ufunguo kwa jina lako, akapokea jaribio, akalijibu, na kushinda bila ya kuvunja kanuni hata moja ya jaribio lenyewe. Kwa upande wa pili, mwenye anwani ambaye simu yake imezama baharini pamoja na ufunguo wake hushindwa siku ileile. Haki yake haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni uwezo wake wa kuionyesha.

Hapa ndipo ulipo ubaya ninaouhofia. Mwamuzi ajuaye kuwa ushahidi wake ni mdogo humsikiliza aliyeshindwa. Aaminiye kuwa hesabu imesema yote humfukuza mwenye mali kama mgeni mlangoni pake, na dhamiri yake haimsumbui, kwa kuwa hesabu haidanganyi. Ni kweli haidanganyi. Ila haikuulizwa swali lile.

Januari 2013 Edward Snowden, akilificha jina lake, alitaka kumwandikia mtengeneza filamu Laura Poitras habari ambazo zingeweza kumwangamiza. Alihitaji ufunguo wa hadhara wa mama huyo, akausaka kwa Micah Lee, aliyekuwa akifahamika katika kazi hizo. Hata hivyo, kama palikuwa na adui kati yao aliyebadili barua, kufuli ingekuwa ya adui. Basi Lee akaombwa aitangaze alama ya ufunguo ule mbele ya watu wote katika Twitter, kama mtandao huo ulivyoitwa wakati ule, ili mwandishi ailinganishe na aliyo nayo. Tazama mtu huyu, aliyeijua elimu ya mafumbo kuliko wengi, alipoegemea saa ya hatari: juu ya ushahidi wa mtu mwenye jina, uliotolewa hadharani, ambao mwenyewe angeweza kuukanusha kama ungekuwa wa kughushi.

Programu ya PGP, aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991, ilikuja kuwaachia watumiaji wenyewe jambo hili: mtu hutia saini ufunguo wa amjuaye, na wengine hupima neno lake. Iitwayo GnuPG, inayofuata njia hiyohiyo, ikiamriwa kuuliza, humwuliza mtia saini amehakikisha kwa uangalifu gani kuwa ufunguo ni wa mtu aliyetajwa. Majibu ni manne: kwamba amechunguza sana, kwamba amechunguza juu juu, kwamba hakuchunguza kabisa, na lililotangulia yote, kwamba hatajibu.