Muundi wa Mdogo Katika Jalada la Kaka

Uongo usemwao kwa chuki watu wote waulaani, wala hauhitaji hoja nyingi. Utupao taabu ni ule usemwao kwa mapenzi, maana msemaji wake ana machozi machoni. Juma hili twataka, wasomaji wapenzi, kuutazama uongo mmoja wa namna hii, ambao huku mlimani wengi waufahamu ingawa hawautaji kwa sauti.

Tuseme kijana wa Machame, mwendesha bodaboda, ameteleza jioni ya mvua katika mteremko, na pikipiki imemwangukia mguuni. Muundi umevunjika, mfupa umetokeza nje. Hana bima. Kaka yake ni mwalimu, naye anayo kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001. Ndugu hawa wafanana sana. Kaka anaitoa kadi. Karani aitazama picha, amtazama kijana aliaye kwa maumivu, anyamaza, aandika jina la kaka. Je, kuna aliyekosa hapa? Na kama yupo, ni nani?

Kwanza hatuna budi kujua ni kitu gani kilichoandikwa, kwa maana wengi hudhani ni jina na bei tu. La, sivyo. Kila ugonjwa na kila jeraha lina namba yake katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, kuvunjika kwa mguu chini ya goti kumewekwa chini ya S82. Ncha ya juu ya muundi ni S82.1, katikati ni S82.2, ncha ya chini ni S82.3. Yaweza kuongezwa tarakimu moja: 0 kama ngozi ni nzima, 1 kama imepasuka. Tena kuna namba ya chanzo. Aliyeanguka mtini akikata majani ya ng'ombe ni W14. Mwendesha pikipiki ana zake, tangu V20 hadi V29. Toleo la 11, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limebadili herufi na namba, lakini kazi ni ile ile. Shina la orodha hii ni ile ya visababishi vya vifo aliyoitoa Jacques Bertillon, Mfaransa, huko Chicago mwaka 1893; ndio mwaka wamisionari wa Leipzig walipofika Machame.

Ile tarakimu 0 au 1 si jambo dogo. Pitisha kidole mbele ya muundi wako: hakuna nyama, ni ngozi na mfupa. Ndiyo sababu, kati ya mifupa mirefu, huu ndio utobao ngozi mara nyingi kuliko mingine unapovunjika. Uchafu wa barabara huingia, na usaha wa mfupa waweza kumtesa mtu miaka mingi asipooshwa jeraha na kupewa dawa mapema. Mgonjwa akitolewa Machame kupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, daktari ampokeaye usiku hutegemea sana karatasi aliyokuja nayo.

Wenye ujuzi wa mifupa walilitambua jambo hili zamani. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, huwapa madaktari wa nchi maskini, wetu wa Muhimbili wakiwamo, vyuma vya kupitisha ndani ya mfupa ili uunge. Nalo hudai kila upasuaji uandikwe na taarifa zake zipelekwe kwake. Kwa taarifa hizo ndipo hupeleka vyuma vingine.

Sasa tuwatazame ndugu wetu wawili baada ya miaka mitano. Mwalimu apata ajali katika barabara ya Arusha, aletwa hajitambui. Jalada lake lasema ana chuma mguuni, wala hana. Lasema alistahimili dawa fulani, kumbe hajapewa kamwe. Damu hupimwa upya kabla ya kumwongezea mtu, nasi twashukuru. Lakini si kila kitu hupimwa upya. Na yule mdogo, muundi ukianza kutoa usaha, atafika hospitali akiwa na chuma ambacho hakuna karatasi yenye jina lake inayokitaja: ni cha kipimo gani, kiliingizwa lini, na nani.

Msomaji atatujibu: "Hawa wamekula chungu kimoja, wamelima kihamba kimoja, hata madeni hulipiana. Kadi ndiyo isishirikiwe?" Jibu hili lina nguvu, wala hatulicheki. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliandika kitabu juu ya uongo yapata mwaka 395, akaukataa hata ule wa kumfaa mtu. Mtakatifu Tomaso aliuona wa kusaidia kuwa mwepesi kuliko wa kudhuru, lakini bado ni kosa. Wengi huwaona wakali mno. Kwa maoni yetu, hapa hatuhitaji hata ukali wao. Neno la mdomo husikiwa na aliyepo. Lililoandikwa jaladani litasomwa na mtu asiyekuwapo, asiyejua huruma iliyolizaa, naye atalitumia kumkata mtu kwa kisu. Tena jalada halimlazimishi mtu kusema asilolijua: kuna S82.9, ya aliyevunjika mguu pasipo kutajwa ni sehemu gani. Kutojua kumepewa namba.

Kuhusu fedha za Mfuko, ni za wachangiaji wengine, na kuzichukua hivyo ni wizi. Lakini sisi twauona huo kuwa upande mwepesi wa kosa hili.

Basi kijana aachwe aoze mguu? Hasha! Matibabu ya dharura hayangoji kadi, na hospitali zina afisa ustawi wa jamii awezaye kupima hali ya asiye na kitu. Lakini tusimtupie afisa mzigo wote. Huku kwetu kamati ya arusi hukaa miezi, kila mtu huandikiwa ahadi yake, na mwenye kuchelewa hukumbushwa kwa simu. Kwa mguu wa kijana yule hapakuwa na kamati. Kaka alibaki peke yake na kadi yake mfukoni, nasi twataka kumhukumu yeye kwanza!

Na jalada lililokwisha kuharibika? Kanuni ya watunza kumbukumbu ni kwamba kosa halifutwi wala halichanwi. Hupigwa mstari mmoja ili maneno ya kwanza yaendelee kusomeka, kisha huandikwa yaliyo kweli, na tarehe, na sahihi. Ila lazima mtu aende aseme. Akijua kwamba pale dirishani atakutana na polisi tu, sidhani kama ataenda, na hili wakuu wa hospitali na wa Mfuko yawapasa kulifikiri.