Kinachovuta Sicho Kinachosimamisha

Vijana wangu wa matatu za namba 46, mvua ya Aprili imefika, nami nimerudia kazi yangu ya kukaa kwenye kibanda cha chai pale steji ya Congo, Kawangware, nikihesabu magari yanayoingia mtaroni. Wiki jana mmoja wenu alinijia na gari alilonunua, limeshushwa Mombasa kutoka Japani, nyuma limeandikwa 4WD. Akalipiga kofi ubavuni na kuniambia, "Mzee, sasa hata Kinangop naenda usiku wa mvua." Sikumjibu. Nilichuchumaa nikatazama matairi, nikajua nina neno. Nalisema kwenu nyote, maana aliyelihitaji si yeye peke yake.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Walikuwa wakitembea kwa miguu. Mwenye gari akiteleza, anaanguka yeye, abiria wake na mama muuza sukuma wiki aliyeketi kando ya barabara.

Tuanze na hiyo 4WD, fowili mnavyoiita, inayowavimbisha vichwa. Maana yake ni kwamba injini inasukuma magurudumu yote manne badala ya mawili. Itakutoa ulipokwama, itakupandisha mlima ambao wenzako wanausukuma kwa mabega. Hapo ndipo wema wake unapokoma. Kusimama ni jambo lingine. Breki za kigari cha kwendea sokoni zinakamata magurudumu manne, sawa na za Land Cruiser. Tofauti ni kwamba mwenye fowili hufika penye utelezi akiwa na mbio zaidi, ndani ya gari zito zaidi, na moyo wake umetulia pale ambapo ungepaswa kuogopa.

Mimi mtaro ndio ulionifundisha. Nilikuwa naendesha Land Rover ya tajiri mmoja, tukitoa kabeji Kinangop. Siku moja ya mvua nilipanda mlima kwa madaha, magari mengine yamekwama, nikawapungia mkono kama waziri. Upande wa pili, kwenye mteremko, ng'ombe akakatiza njia. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Magurudumu manne yakafunga kwa pamoja, gari likaenda kama sabuni kwenye karai. Kabeji zote zikamwagika mtaroni, na yule ng'ombe akasimama akala. Matairi ya nyuma yalikuwa vipara, nami nilikuwa nimeyaona asubuhi ile.

Msidhani kushinda matope kulianza na fowili. Sisi tulikua tukisubiri Safari Rally kila Pasaka. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na hakuna hata mara moja waliyoshinda kwa fowili. Gari la fowili halikulitwaa kombe lile hadi 1987, Hannu Mikkola alipokuja na Audi. Kwa zaidi ya miaka 30 matope yetu yalishindwa na watu waliojua wapi pa kupunguza mwendo na tairi gani la kuvaa.

Basi sikilizeni habari ya matairi. Gari lako lote, na mzigo wake, limeikalia ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Ukinunua gari la milioni, hivyo viganja vinne ndivyo ulivyonunua. Mengine ni mapambo.

Ukienda Grogan, pale Nairobi, kununua tairi, usitazame weusi wake, maana weusi hupakwa. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT. Zikisoma 1719, tairi lilitengenezwa wiki ya 17 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Ukipita miaka 6 uchunguze kwa jicho kali, ukifika 10 uutupe hata kama mitaro yake ingali mirefu. Kisha tazama ndani ya mitaro hiyo: kuna vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukishuka ukalingana navyo, tairi limekufa. Mitaro ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu. Isipokuwepo, gari linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi kama wa mchezo wa watoto. Na yule anayechonga mitaro mipya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililoisha, mpite mbali. Anachonga kaburi.

Matairi ya kijana wangu yalikuwa na mitaro mirefu ajabu, yamejaa michirizi midogo, na ubavuni yameandikwa Studless. Hayo ni matairi ya theluji. Magari mengi ya Japani hutufikia yakiwa nayo. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami yetu ya joto huisha upesi, na lami ikilowa gari huchelewa kusimama. Hakuna theluji Kawangware, mwanangu. Badilisha.

Mjue pia udongo mnaokanyaga. Huu wetu mwekundu, kuanzia Dagoretti hadi Kikuyu, ukilowa juu tu huwa kama umepakwa mafuta. Ule mweusi wa Kitengela na Athi River hunata, ukajaza mitaro ya tairi hadi likawa duara la matope. Tairi la matope lenye meno makubwa yaliyoachana hujisafisha lenyewe likizunguka, ila kwenye lami iliyolowa meno hayo hayashiki vizuri. Anayeshinda kwenye lami ya Naivasha Road na kwenda shamba mara moja kwa mwezi, tairi la mchanganyiko linamtosha.

Ukipata pesa za matairi mawili tu, mazuri yaweke nyuma. Najua fundi atakubishia, hasa kwa Probox inayovutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, unahisi kwenye usukani, unapunguza mwendo, gari linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na wewe unatazama ulikotoka. Lakini gari ambalo fowili yake inafanya kazi wakati wote, yabadilishe matairi yote manne kwa pamoja, yawe ya saizi moja na yameisha sawasawa. La sivyo mitambo ya katikati itasagika, na bei yake utaisikia gereji.

Wenye fowili ya kuchagua, H4 ni ya matope na changarawe. Ukirudi kwenye lami kavu, rudisha H2, yaani magurudumu mawili, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, na chuma kilichofungwa kitajipinda hadi kikatike. L4, ile ya gia nzito, iweke gari likiwa limesimama, na iwe rafiki yako kwenye mteremko: acha injini ishike gari, usikanyage klachi. Ukikwama, usikanyage mafuta kwa hasira. Difu la kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisiloshika kitu, na utabaki unachimba shimo lako mwenyewe. Teremka, weka mawe chini ya magurudumu, punguza upepo wa matairi ufike karibu PSI 20, kisha ukifika lami ujaze tena.

Na maji yanayokwenda, msiyaingie. Maji ya kupita goti kidogo hubeba hata gari kubwa, fowili au si fowili. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu huko Mwingi, maji yakiwa yamefunika daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ukingoni walikuwepo watu waliosimama wakitazama. Anayesubiri maji yapungue hufika nyumbani.

Sisemi msinunue magari makubwa. Nunueni, mtubebe na sisi wazee. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kukopa pesa za gari, mtenge bei ya matairi manne, na mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani, mwende kama mliobeba mayai. Hakuna abiria atakayewacheka kwa kwenda polepole. Akicheka, mrudishieni nauli yake.

Kesho alfajiri, kabla hamjaita abiria wa kwanza, chuchumaeni mtazame matairi. Mimi nilipochuchumaa, nilikuwa nimekwisha kuchelewa kwa shehena nzima ya kabeji.