Jino Nililolinunua Lyme Regis

Jino lenyewe lina urefu wa kidole gumba. Nililinunua kwa pauni 12 katika duka dogo la visukuku mjini Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, wikiendi moja nilipopumzika kidogo na masomo yangu ya uzamili. Kadi yake ilikuwa na maneno matatu tu: Mosasauri, Khouribga, Moroko. Mosasauri walikuwa watambaazi wakubwa wa baharini waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Nilimtumia mdogo wangu picha, nikalala nikiwa na furaha.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuwasilisha mada darasani. Nilizungumzia Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba visukuku huko, si mbali na Lindi. Mamia ya vibarua walifanya kazi chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, na wapagazi walibeba mizigo hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa, na leo Giraffatitan amesimama Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Nilisema kwa kujiamini kwamba anayebeba kumbukumbu ya ardhi ya wengine ana deni. Mwenzangu mmoja aliyekuwa ameliona jino langu akaniuliza kwa upole, "Na wewe je?"

Nikajibu haraka: mimi nimenunua. Wale walichukua chini ya utawala wa mabavu, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji. Tofauti hiyo ipo, wala siifuti. Lakini nilipofika chumbani jibu langu halikuniridhisha. Risiti inaonyesha kwamba nimemlipa mwenye duka. Haionyeshi mchimbaji alilipwa nini, wala kama aliyeuza mwanzo alikuwa na haki ya kuuza.

Je, tuache kununua kabisa? Mji ule ule unanizuia kusema hivyo. Mary Anning alizaliwa hapo mwaka 1799. Baba yake, seremala, alifariki mwaka 1810 akiacha madeni. Mwaka uliofuata kaka yake Joseph aliona fuvu la iktiosauri kwenye majabali ya pwani. Baadaye Mary, akiwa na miaka 12 hivi, akaupata mwili uliobaki. Waliuza kwa takriban pauni 23. Mwaka 1823 Mary alipata kiunzi kamili cha kwanza cha plesiosauri. Alitafuta hasa wakati wa baridi, maporomoko yanapofunua mawe mapya. Mwaka 1833 poromoko moja lilimuua mbwa wake na yeye akaponea chupuchupu. Bila wanunuzi familia ile ingelala njaa, na mifupa mingi ingevunjwavunjwa na mawimbi.

Lakini mabwana walionunua ndio waliosifiwa katika maandishi. Jumuiya ya Jiolojia ya London haikupokea wanawake kuwa wanachama hadi 1919, miaka 72 baada ya Mary kufariki. Soko lilimlisha, na soko hilo hilo lilimsahau.

Katika habari zake, mtu ninayemfikiria zaidi ni mnunuzi mmoja, Thomas Birch. Mwaka 1820 aliwakuta akina Anning wakikaribia kuuza samani zao ili walipe kodi ya nyumba. Akapiga mnada mkusanyiko wake wa visukuku, vingi alivyovinunua kwao, zikapatikana takriban pauni 400 kwa ajili yao. Birch alikuwa ameshalipa. Hakuna ambaye angemdai. Hata hivyo aliona kwamba bei na stahili ni vitu viwili.

Kuna deni jingine, la maarifa. Kisukuku kikitolewa bila mtu kuandika kimetoka tabaka gani, sehemu kubwa ya habari yake imepotea. Ndiyo maana pwani ile ina mwongozo unaowaomba wakusanyaji waandikishe vitu vyenye thamani kubwa kisayansi. Kwa hili jino langu lina kosa dogo, maana meno ya mosasauri ni mengi mno katika machimbo ya fosfeti ya Moroko. Lakini pia huko huuzwa mataya ya bandia: meno halisi yamepachikwa kwa gundi na mchanga ili yavutie. Yanatengenezwa kwa sababu kuna wateja kama mimi, wanaopenda kitu kizuri cha bei nafuu na hawaulizi chochote.

Niliwaandikia wenye duka, nikauliza nani alilichimba. Walijibu kwa adabu kwamba waliyapata kwa jumla, kilo kadhaa kwa mpigo. Sikulirudisha jino. Kulirudisha kungenipa pauni zangu 12 na dhamiri safi, na mchimbaji asingeongezewa hata senti.

Nimeamua kutonunua kisukuku kingine ikiwa muuzaji hawezi kuniambia kimetoka wapi hasa na kwa mkono wa nani. Najua hilo litanifungia milango mingi. Mdogo wangu alipouliza, "Dada, na mimi utaniletea langu?" nilimwambia atapata hili hili. Kwenye kadi, chini ya yale maneno matatu, nimeongeza la nne kwa kalamu: Mchimbaji. Mbele yake nimeacha nafasi.