Khidhri na Mtu wa Kitabu

Kila Ijumaa Mji Mkongwe huisoma Suratul Kahf. Wanaume huisoma misikitini kabla ya hotuba, sisi wanawake majumbani, na watoto wa chuo cha Qurani huihifadhi kabla hawajajua inasema nini. Mimi huisomesha kina mama nyumbani kwangu Kiponda baada ya Alasiri. Tafsiri iliyonisumbua kuliko zote niliyopata kukutana nayo ilitolewa mwaka 1939 huko Ascona, Uswisi, na mtu asiyekuwa Muislamu: Carl Gustav Jung, daktari wa maradhi ya akili aliyeamini kwamba chini ya akili tunayoijua mna kina kingine, nacho husema nasi kwa ndoto na kwa visa vya kale.

Kwake yeye sura nzima ni habari ya mtu kuzaliwa upya. Pango walimolala wale vijana miaka 309 ni mahali pa kufungiwa mpaka ugeuke. Musa ni akili inayojitambua, inayosafiri ikitafuta. Samaki aliyesahauliwa jabalini, akapata uhai akajiendea baharini, ni kitu cha thamani kinachorudi kilindini, na mwenyewe hajui kimemponyoka mpaka njaa imshike. Hapo Jung aliona vizuri sana. Kina mama wengi ninaokaa nao hawajui wamepoteza nini. Wanajua njaa tu. Na yule mja asiyetajwa jina katika Qurani, ambaye Hadithi imetufahamisha kuwa ni Khidhri, Jung alimwona kuwa ni Nafsi Kuu, yaani ule utimilifu wa mtu ulio mkubwa kuliko huyu anayejiita “mimi”.

Habari hizi hakuzipata vitabuni tu. Mwishoni mwa 1925 alishuka Mombasa melini, akapanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha akaenda Mlima Elgon kusikiliza watu na ndoto zao. Huko mzee mmoja, laiboni (mganga wa kabila), alimwambia kwa majonzi kwamba tangu Waingereza waje ndoto zimekatika: Bwana DC ndiye anayejua kila kitu sasa. Lakini nyapara wa msafara wake, Msomali aliyelelewa katika usufi, alikuwa bado anaota. (Kwetu hayo si ya mbali. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, ni katika walioieneza tarika ya Qadiriya hapa Unguja, na zikri zake zingalipo.) Nyapara alimwona Jung ni mtu wa kitabu kwa jinsi alivyoijua Qurani, akamwambia kwamba anaweza kukutana na Khidhri wakati wowote: njiani kwa sura ya mtu, usiku kwa sura ya mwanga mweupe, au hata, akauchuma unyasi, kwa sura kama hii. Akamsimulia yaliyompata mwenyewe. Baada ya vita alikuwa hana kazi, amedhikika. Usiku mmoja akaota mwanga mweupe karibu na mlango, akajua ni Khidhri. Katika ndoto hiyo hiyo akaruka kwa heshima, akatoa salamu. Siku chache baadaye akapata kazi ya unyapara.

Angalia alichofanya. Alisimama, akasema asalamu alaykum. Hakuuliza mwanga huu ni kipande gani cha nafsi yake. Mtu hutoa salamu kwa aliyemjia, na ukishamsalimia umekiri kwamba yeye si wewe na hayumo mkononi mwako. Jung aliisikiliza hadithi hii kwa heshima, akaiandika, kisha akamrudisha mgeni ndani ya nyumba akamhesabu kuwa ni mwenyeji. Sisemi alifanya kwa kiburi. Mara nyingi alisisitiza kwamba tabibu anaweza kusema juu ya sura zinazotokea nafsini tu, si juu ya kilicho nje yake. Lakini wanaomfuata wengi wameusahau mpaka huo.

Sisi tulikwisha kupewa mgawanyo. Hadithi inasema ndoto ni tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Katika hiyo ya tatu simjui aliyechimba kuliko Jung. Kosa, naona mimi, ni kuipanua ya tatu mpaka ikazimeza mbili za mwanzo.

Jung pia alizigusa nyota. Katika kitabu chake cha 1952 alikusanya falaki za ndoa 483, aone kama mwezi na jua vya mke na mume vinapatana. Fungu la kwanza lilimpa matumaini. Alipoongeza ndoa, matokeo yakarudi kuwa ya bahati tu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka babu yangu, mwalimu wa falaki. Siku moja mama wa binti alimjia na jina la posa. Babu alihesabu herufi za jina la mvulana na la mama yake kwa abjadi, akagawa kwa kumi na mbili, na baki ikamwonesha buruji: Hamali, Thauri, Jauza, hadi Hutu. Halafu akafanya vivyo hivyo kwa binti. Masheikh wengi waliikataa kazi hiyo, nami nawafuata. Hata hivyo nilimwona babu akimtazama mama yule usoni zaidi kuliko alivyoitazama karatasi, kwa sababu hofu aliyokuja nayo ilikuwa ya kweli, na mara nyingi ndiyo aliyoijibu.

Hesabu unaiendea wewe, na kalamu yako. Khidhri huja mwenyewe, na akija anaharibu hesabu. Anatoboa jahazi la maskini. Anaua kijana. Musa, mtume mkubwa aliyeahidi kumfuata bila kuuliza, anashindwa kunyamaza mara tatu, nami sijamlaumu kamwe. Aliyekulia mtaa wetu wa Malindi akaona mtu anatoboa chombo cha watu angepiga kelele kabla yake.

Kisa ninachokaa nacho zaidi ni cha ukuta. Mji wetu ni wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na tunajua ukuta uliochoka unavyotumbuka. Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka ikaua. Khidhri anaukuta ukuta unataka kuanguka, katika mji ulionyima wageni chakula, akausimamisha bila ujira. Chini yake mna hazina ya mayatima wawili. Hakuichimba. Hakuwaambia hata kwamba ipo.

Elimu ya kina cha nafsi ni elimu ya kuchimba, na wako wanaookolewa nayo. Ila nimewaona kina mama waliochimbuliwa mapema mno, na watu waliotaka kuwasaidia, wakabaki na shimo. Siku hizi mmoja akinijia na ndoto inayomrudia, namuuliza kwanza ni ipi kati ya zile tatu, anavyodhani yeye. Kisha namuuliza: aliyekutokea ndotoni, ulimwambia nini? Akiniambia kuna jambo chini yake asiloweza kulitaja, simbani. Aya iko wazi kwamba mayatima wataitoa hazina wenyewe, wakishabaleghe. Mpaka hapo kazi yangu ni chokaa na mawe.