Jabali Halikimbii, Mwanga Ndio Unaokimbia

Ukitoka kwenye handaki la Wawona, lililofunguliwa mwaka 1933 kule Yosemite, California, bonde zima linakufungukia ghafla. Kushoto kuna El Capitan, ukuta wa graniti unaopanda takriban mita 900 kutoka chini bondeni. Kulia yanamwagika maporomoko ya Bridalveil. Mbali kabisa, katikati, imesimama Half Dome, mlima uliokatika wima upande mmoja. Magari yanaegeshwa hapo, watu wanashuka, simu zinanyanyuliwa, milango inafungwa, safari inaendelea. Picha zote hizo zinafanana kama pacha. Wewe unayependa kamera, usikubali kuwa mmoja wao. Waache waondoke, wewe ubaki.

Ubaki kwa sababu jabali halikimbii, kinachokimbia ni mwanga. Bonde lile limelala mashariki hadi magharibi, na jua hulipita kwa urefu wake wote. Asubuhi huupiga uso wa El Capitan unaotazama mashariki. Jioni, bondeni kiza kikiwa kimeshaanza, uso wa Half Dome bado unawaka rangi ya shaba. Kati ya hizo nyakati mbili, jua likiwa utosini, jiwe lilelile huonekana bapa na limepauka, halina mikunjo wala kina. Wengi hufika saa hizo, wakapiga, kisha wakalaumu kamera.

Mwezi Februari huwa na ajabu zaidi. Upande wa mashariki wa El Capitan hushuka maporomoko membamba yaitwayo Horsetail. Kwa siku chache tu za mwezi huo, jua linapozama, miali yake huyapiga kwa pembe inayoyafanya yaonekane kama moto unaotiririka jabalini. Lakini lazima theluji iwe imeyeyuka kiasi cha kutoa maji ya kutosha, na upande wa magharibi usiwe na wingu. Likikosekana moja, hakuna kitu. Mwaka 1973 mpigapicha Galen Rowell aliipata picha hiyo, nayo ikajulikana mno. Leo watu hufurika kuifuata, na wengi hurudi mikono mitupu. Wanaoipata ni wale waliokubali kurudi tena.

Sasa msikilize mpigapicha Ansel Adams, maana huyu ndiye mwalimu wa bonde lile. Alifika huko mara ya kwanza mwaka 1916, akiwa na miaka 14, na wazazi wake wakampa kamera ya sanduku, Kodak Brownie, kitu cha kawaida kabisa. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda na mchumba wake, Virginia Best, pamoja na marafiki, theluji ikiwa bado imelala juu. Alibeba kamera nzito na vibao 12 vya kioo, kwani wakati huo picha ilinaswa kwenye kioo. Walikuwa wanakwenda kwenye ukingo wa mwamba unaoitwa Diving Board, unaotazamana na uso wa Half Dome. Vibao vingi vilimwishia njiani. Alipofika mahali penyewe, alikuwa amebakiwa na viwili.

Cha kwanza alikipiga kwa chujio la njano, kama ilivyokuwa desturi. Mara akatambua kwamba picha ile ingetoka sahihi lakini baridi: anga lingekuwa la kijivu, na jabali lisingetisha kama lilivyokuwa likimtisha yeye pale alipokuwa. Akabakiwa na kibao kimoja. Akaweka chujio jekundu lililokoza, linalozuia bluu ya anga, akapiga. Anga likatoka karibu jeusi, theluji ikang'aa, na ukuta ule ukasimama mkali kama hukumu. Hiyo ndiyo Monolith, the Face of Half Dome, na Adams mwenyewe alisema hapo ndipo alipojifunza kuiona picha akilini kabla ya kuigusa kamera.

Hebu fikiria: kibao kimoja. Wewe simu yako inabeba maelfu, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu. Kwa kuwa hatuna cha kupoteza, hatuamui chochote. Tunapiga hamsini ili tuchague baadaye, na baadaye hatuchagui.

Najua utasema huna vifaa. Basi mtazame Carleton Watkins, aliyeingia bonde hilohilo mwaka 1861 na kamera aliyoitengenezesha makusudi, ikitumia vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56. Kioo kilipakwa dawa palepale, kikapigwa na kusafishwa kabla hakijakauka, ndani ya hema la giza lililobebwa na nyumbu wa mizigo pamoja na machupa ya kemikali. Vumbi likigusa dawa, kazi imeharibika. Picha zake zikafika mashariki mwa Marekani, zikawa miongoni mwa mambo yaliyowashawishi wakubwa kwamba bonde lile lastahili kulindwa. Mwaka 1864 Rais Lincoln akatia saini sheria ya kulihifadhi, ilhali hakuwahi kulitia mguu. (Tusisahau pia: bonde linaloonekana tupu kwenye picha zile lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, na mwaka 1851 waliingiliwa na kufukuzwa na kikosi chenye silaha. Kamera inaweza kupendeza na bado ikakaa kimya.)

Baada ya hema la giza na nyumbu, wewe bado unaniambia simu yako haina lenzi ya kuvuta?

Wala usingoje nauli ya California. Ukiwa Mwanza, graniti imekuzunguka: mawe yamepandana vilimani hadi ziwani, na Jiwe la Bismarck limesimama majini wapita njia wakilizoea kiasi cha kutoliona tena. Lisogelee jiwe lolote la aina hiyo jua likiwa chini. Utaona punje angavu kama kioo, punje nyeupe na za waridi, na vidoa vyeusi vinavyometameta. Mwanga wa ubavuni huamsha kila mkwaruzo na kila ufa. Hapo ndipo jiwe linapokuwa na uso.

Simu ina tabia ya kuliunguza jiwe jeupe likatoka kama karatasi. Gusa jabali kwenye kioo, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka nyufa zirudi. Usiogope kivuli kikiwa cheusi, maana ndicho kinachobeba uzito wa jabali. Tafuta kitu kidogo cha kupimia ukubwa: mtu, mti, mtumbwi. Na mawingu yakitanda usikimbilie nyumbani. Picha ya Adams iitwayo Clearing Winter Storm, inayoonyesha bonde lote la Yosemite, isingekuwepo kama angependa siku za anga safi tu.

Basi Jumamosi hii amka gizani, ufike kabla ya jua. Simu iache mfukoni kwanza, ulitazame jabali nusu saa nzima, uamue unachotaka mtu mwingine akione. Kisha jipe ruhusa ya picha mbili tu. Ya kwanza ikikukatisha tamaa, badilisha kitu, upige ya pili.