Kiasi ni Tunda la Roho: Tujifunze kwa Daudi Mkimbizi



Mtume Paulo anapotaja tunda la Roho, neno la mwisho katika orodha yake ni kiasi (Wagalatia 5:22-23). Wengi tukisikia kiasi tunafikiri habari za pombe na uzinzi tu. Lakini kwa mtu aliyefukuzwa kwao, kiasi kinajaribiwa sana na hasira. Tumtazame Daudi, maana yeye naye alikuwa mkimbizi.

Katika 1 Samweli 24, Daudi na watu wake wamejificha ndani ya pango huko En-gedi. Sauli, anayemtafuta ili amwue, anaingia peke yake. Wenzake Daudi wanamwambia kwamba Mungu amemtia adui mkononi mwake. Daudi anakata upindo wa vazi tu, kisha anawazuia watu wake wasimguse. Angalieni, hakunyamaza. Alitoka nje akamwambia Sauli wazi kwamba anamwonea, akamwachia Mungu hukumu. Kwa hiyo kuwa na kiasi si kusema kwamba mabaya hayakutendeka.

Sisi tunaoishi hapa Kanyosha tunalihitaji somo hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo waliuawa kambini, watoto wakiwemo. Manusura wanaoikumbuka siku hiyo kila mwaka na kudai haki hawavunji amri ya upendo. Haki hudaiwa kwa mdomo, mbele ya sheria. Kisasi hulipizwa kwa panga. La kwanza Mkristo anaruhusiwa, la pili hapana.

Lakini sura ya 25 inatushangaza. Daudi yule yule anamwomba Nabali chakula, ananyimwa, tena anadharauliwa kama mtumwa aliyetoroka. Mara anachukua watu 400 wenye panga aende kuwaua wanaume wote wa nyumba ile. Aliyemwacha mfalme hai anashindwa na tusi la tajiri! Ni nani aliyemzuia? Abigaili, mke wa Nabali, alimkuta njiani akiwa na mikate na maneno ya hekima. Daudi akamsikiliza, akamshukuru mbele ya watu wake.

Fundisho ndilo hili. Tunaweza kuvumilia vita, kisha tukapigana kwa ajili ya zamu ya maji bombani au tusi la mwenye nyumba. Au baba anarudi jioni, hasira ya mchana kutwa anaimalizia kwa mke na watoto. Ushindi wa jana hautoshi kwa leo. Tena, ingawa kiasi ni tunda la Roho, mara nyingi Mungu hutusaidia kukishika kwa mdomo wa mtu mwingine: mke, jirani, mzee wa kanisa. Asiyekubali kuzuiwa hana kiasi, hata akifunga siku tatu.

Basi kila nyumba ijiulize: Abigaili wetu ni nani, na tukikasirika, tunamsikiliza?

Mungu awabariki. Amina.